Jinsi ya kuendesha treningi ya huduma inayojali kiwewe: kwa manesi, ustawi, polisi wa dawati na yule mlinzi wa getini

Kama umepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya huduma inayojali kiwewe (yaani lile jeraha la ndani linalobaki kwa mtu baada ya tukio baya) kwa watu wa vituo vya mkono kwa mkono, vile vinavyompa aliyefanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja, dawati la jinsia na watoto, ustawi wa jamii, walimu wa malezi au wahudumu wa afya ngazi ya jamii, cha kwanza nikwambie usianze kutengeneza slaidi. Najua mfadhili anataka kuziona na bosi wako anataka ratiba yenye muda wa chai, ila ukianzia huko utaishia kufundisha sehemu za ubongo siku mbili nzima, watu wanajaza madaftari, wanapiga picha ya pamoja, wanasaini posho, alafu Jumatatu wanarudi kaunta na kumuuliza binti mbele ya foleni nzima "wewe ndo yule wa kubakwa?".

Anza na kaunta. Yaani jiulize huyu mtu akitoka nyumbani kwake mpaka anamaliza huduma, anapita mikononi mwa nani, anaulizwa nini, anakaa wapi, na ni wapi hapo katikati sisi wenyewe tunamuumiza upya. Treningi yote ijengwe juu ya hilo.

Na tuelewane kitu kimoja mapema mana huwa kinachanganya watu. Kutibu kiwewe ni kazi moja, kutoa huduma inayojali kiwewe ni kazi nyingine. Kutibu kunahitaji mtu aliyefundishwa na anayesimamiwa, na wala sio lazima awe na digrii, kuna utafiti mkubwa ulitoka 2020 uliofanyika Moshi na Bungoma kule Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi, na waliowahudumia kwa vikundi walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa vizuri, sio madaktari wa akili. Lakini hiyo ni treningi ndefu yenye usimamizi wa kila mara, sio ya siku mbili. Hii ya kwako ni ile ambayo hata mtu wa faili anaiweza, kazi yake ni kuhakikisha mtu aliyeumia haondoki kwako akiwa ameumia zaidi. Waambie washiriki hivyo asubuhi ya kwanza kabisa, tena utaona mabega yanashuka, mana wengi wanakuja na hofu kwamba wanageuzwa makaunsela bila mshahara wa ukaunsela.

Nani aitwe

Orodha ikija toka wilayani utakuta ni walewale, afisa ustawi, nesi wa kituo, polisi wa dawati, mtu wa asasi. Ni wazuri, waite. Ila omba na mlinzi wa geti, mtu wa mapokezi, anayetunza mafaili, mhudumu anayefagia korido. Hawa ndo wanaoonana na mteja kabla yenu wote, na mlinzi akishasema kwa sauti "haya mama, umekuja na kesi gani?" hapo wewe ndani na cheti chako umeshachelewa.

Alafu aje mkubwa mwenye sauti, mganga mfawidhi, mkuu wa kituo cha polisi, mwalimu mkuu, angalau nusu siku. Sio kwa ajili ya kufungua mafunzo na kuondoka! Afande wa dawati anaweza kurudi na maarifa yote duniani lakini kama chumba alichonacho ni kimoja na kinatumika pia kuwekea pikipiki zilizokamatwa, bila mkuu wake hamna kitakachobadilika.

Changanya kada. Ukiwaweka manesi peke yao watasema tatizo ni polisi, polisi peke yao watasema tatizo ni ustawi hawapokei simu. Wakiwa chumba kimoja hiyo michezo inaisha mapema kidogo. Watu ishirini hivi wanatosha, wakizidi sana maigizo hayafanyiki vizuri, na maigizo ndo nusu ya kazi. Angalizo tu, ukimpanga dokta na mhudumu wake kundi moja, mhudumu hataongea. Wape makundi tofauti kwenye mazoezi yanayogusa "nani anamkosea mteja".

Kumbuka chumbani kwako wamo walioumia

Hapa pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliofanyika 2009, matokeo yakatolewa 2011, ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana kama 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Piga hesabu leo wana umri gani. Ni watu wazima wenye kazi, wengine ni manesi, wengine maafande, wengine ndo wameshika maiki wanafundisha.

Kwahiyo treningi yenyewe iendeshwe vile unavyotaka wao wakahudumie. Mwanzo kabisa sema kitu kama hiki, kwa sauti ya kawaida tu bila kuigiza huruma: "Leo na kesho tutaongelea mambo mazito. Hakuna atakayeombwa kusimulia ya kwake, na ukijisikia kutoka nje, toka, huna haja ya kuomba ruhusa wala kujieleza. Dada yule pale nyuma kazi yake leo ni kuwa karibu na yeyote anayetaka kukaa na mtu." Alafu kweli awepo huyo dada, asiwe ndo huyohuyo anayegawa posho na kukimbizana na mpishi. Mtu akitoka asifuatwe na kundi la watu watano wenye pole nyingi, mmoja anatosha, tena akae hatua mbili tatu pembeni.

Sasa vitu vya kuacha kabisa. Usimlete manusura asimame mbele kutoa ushuhuda ili semina "ichangamke", hata kama amekubali, kwanza jiulize amekubali mbele ya nani na kwa nauli ya nani. Usionyeshe video za watu wanalia au picha za majeraha. Usifanye lile zoezi la kufumba macho na "rudi kwenye tukio baya la maisha yako", jamani hilo lipigwe marufuku, sijui nani alilileta. Na mifano ya kesi usibadilishe jina tu, badilisha na kata, kazi ya mzazi, mwaka, mana wilaya zetu ndogo, ukisema "mtoto wa mwalimu fulani kule milimani" nusu ya chumba washamjua.

Ratiba ya saa nayo iwe ya kweli. Sema saa ngapi mada ngumu inaanza na saa ngapi inaisha, isiwe ya mwisho kabla ya kwenda nyumbani, na wala isiwe mara baada ya chakula. Mimi huwa naiweka saa nne asubuhi, baada yake chai, baada ya chai kitu cha kusimama na kutembea.

Sayansi: nusu asubuhi inatosha

Historia ipite haraka. Wamarekani Maxine Harris na Roger Fallot waliandika 2001 kuhusu kupanga huduma kwa kuzingatia kiwewe, alafu 2014 shirika lao la serikali linaloitwa SAMHSA likatoa muongozo wenye misingi sita: usalama, kuaminika na uwazi, sapoti ya wenzio waliopitia kama hayo, kushirikiana, kumpa mtu sauti na uchaguzi, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Iandike ubaoni, iache pale, endelea.

Pa kukaa ni hapa, kwenye yale mambo ambayo watumishi wanayasoma vibaya kila siku. Afande anakwambia "jana kasema mlango ulikuwa wazi, leo anasema ulifungwa, huyu muongo." Mueleze hivi. Mtu akiwa kwenye hatari kubwa mwili unamwaga adrenalini, sehemu ya ubongo inayonusa hatari inashika usukani, na ile inayopanga matukio kwa mfuatano inafanya kazi vibaya. Kwahiyo kinachobaki kichwani ni vipande, harufu ya petroli, rangi ya kanga, sauti ya redio, vingine viko wazi kuliko picha, vingine havipo kabisa, na vinarudi kidogokidogo kwa mpangilio wake vyenyewe. Kubadilika kwa maelezo peke yake hakuthibitishi kwamba mtu anadanganya. Wala hakuthibitishi kwamba anasema kweli, na hilo pia liseme, mana ukiwaambia polisi kwamba kila mkanganyiko ni kiwewe watakuona umekuja kuwaharibia upelelezi. Waambie tu wasimbane kwenye mfuatano siku ya kwanza, waanze na "niambie unachokumbuka, hata kama hakijapangika", na maelezo ya kina yachukuliwe akishalala na kula.

Swali lingine linalokuja kila mara ni "kwa nini hakupiga kelele?". Mwili una njia zake za kujiokoa, kupigana, kukimbia, na kuganda. Kuganda mtu hachagui. Uliza chumbani nani amewahi kukoswakoswa na gari akabaki kasimama katikati ya barabara, mikono itanyooka, na hapo unakuwa umefundisha bila slaidi hata moja.

Kuna anayecheka wakati anasimulia, anayesinzia, anayemtukana nesi, anayekaa kimya kama jiwe, anayekuja baada ya miezi minane. Wote hao huwa wanaandikwa "hana ushirikiano". Chukua hilo neno, liandike ubaoni, na uwaombe wataje wateja waliowahi kuandikwa hivyo (bila majina), alafu kila mmoja mjiulize nini kingine kingeweza kuwa kinaendelea.

Ila na upande wa pili usiuache. Watu wengi wanaopitia tukio baya wanapata nafuu wakipata usalama, ndugu wa karibu na msaada wa mahitaji yao, hawaendi kuwa wagonjwa wa maisha. Mshiriki asitoke hapo akaanza kumpachika kila mteja mwenye hasira "huyu ana kiwewe". Kazi yake sio kupima. Kazi yake ni kumhudumia kila mtu kana kwamba inawezekana ameumia, na kujua ampeleke wapi yule ambaye wiki zinapita hapati usingizi, hali chakula, anaota vitu vilevile, au anaongelea kujiua, huyo wa mwisho asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo.

Watembeze

Mchana wa siku ya kwanza toka ukumbini. Nenda kituo cha afya au kituo cha polisi chenyewe, omba ruhusa mapema, chagua saa ambayo hamna wateja wengi. Wagawe wawiliwawili, mmoja ni mteja, mwingine ana daftari. Waanzie getini. Mwenye daftari anaandika vitu viwili tu: ni watu wangapi wamemuuliza "nini kimekupata", na ni sehemu ngapi mtu mwingine angeweza kusikia jibu.

Huwa ni kimya kikubwa watu wakirudi. Wanakuta benchi la kusubiria linatazamana na mlango wa chumba cha ukatili, kwahiyo kila anayeingia anaonekana na waliokuja kupima malaria. Wanakuta rejista imeandikwa KESI ZA UKATILI kwa herufi kubwa jaladani na iko wazi mezani. Wanakuta choo hakina komeo. Wanakuta ili ufike dawati lazima upite mbele ya kaunta walipo mahabusu, na wakati mwingine mlalamikaji na mlalamikiwa wanawekwa benchi moja wasubiri. Wanakuta mtu akishasimulia mapokezi, anasimulia kwa nesi, kwa dokta, kwa ustawi, kwa afande, anarudi maabara anaulizwa tena.

Sasa hapo usiwahubirie. Waulize tu nini kinaweza kubadilika wiki hii bila bajeti. Majibu wanayo: kugeuza benchi, kuita kwa namba badala ya jina, kufunika rejista kwa karatasi ya kaki, kununua komeo, pazia la kitenge, kadi ndogo yenye alama ambayo mteja anamuonyesha mlinzi na mlinzi anajua ampeleke wapi bila swali hata moja. Kubwa kuliko yote ni kukubaliana nani anachukua maelezo mara ya kwanza na wengine wote wanasoma alichoandika, wanauliza kile tu kinachokosekana. Hili linakuwa gumu kidogo, kuna fomu za hospitali na kuna PF3 ya polisi na kila ofisi inataka karatasi yake, lakini hata kutoka mara tano kushuka mbili ni kitu. Andikeni nani atafanya nini na lini. Mkubwa yule mliyemuita asaini hapohapo.

Midomo ifanye mazoezi

Siku ya pili ni ya maneno. Watu hawabadiliki kwa kuambiwa "uwe na huruma", wanabadilika wakiwa na sentensi mdomoni. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2014 kuhusu wanawake waliofanyiwa ukatili unapanga msaada wa mwanzo hivi: sikiliza, uliza mahitaji yake, muonyeshe unamuamini, angalieni usalama wake, muunganishe na msaada. Chukua kila kimoja na ukitafutie Kiswahili cha pale mlipo, cha Mwanza sio cha Tanga.

Nakupa mfano wa zoezi ninalolipenda, ni la kupima presha. Kila mtu anajua kupima presha, au ameshapimwa. Mara ya kwanza nesi afanye kama siku zote, anashika mkono, anafunga mkanda, anabonyeza, anaandika, anasema "haya next". Mara ya pili afanye hivi:

"Dada, naitwa sista fulani. Nataka nikupime presha, nitafunga huu mkanda juu ya mkono wako hapa, utabana kidogo alafu utaachia wenyewe. Unapenda mkono upi? Ukitaka nisimame niambie tu simama. Nianze?"

Alafu anasubiri. Asijibu mwenyewe, asubiri jibu. Ni sekunde chache tu zimeongezeka. Muulize aliyekuwa mteja ameona tofauti gani, atakwambia ni pale alipoulizwa mkono upi. Mtu ambaye mwili wake ulishikwa bila ridhaa, leo kaulizwa mkono upi. Kutoka hapo panda kwenye vipimo vizito zaidi, kila hatua inaelezwa kabla, kila hatua inaombwa, na "hapana" yake inaheshimiwa hata katikati ya kipimo.

Maneno mengine ya kufanyia mazoezi. Badala ya "kwa nini ulikwenda kule usiku?" sema "nieleze kidogo ilikuwaje ukafika pale". Neno "kwa nini" lina harufu ya hukumu kwetu, mtoto mdogo anajua mama akianza na "kwa nini" fimbo iko karibu. Badala ya "nyamaza usilie, Mungu yupo", sema "lia tu mama, niko hapa, hatuna haraka". Badala ya "nakuelewa kabisa", mana humuelewi, sema "pole sana. Hukustahili kufanyiwa hivi, na sio kosa lako." Na heshima za kawaida zibaki palepale, bibi wa miaka sabini aamkiwe shikamoo hata kama kaja na kesi gani, kuna wahudumu wakishaona faili la ukatili wanasahau salamu.

Usiahidi. Hili lirudierudie. "Hatokusumbua tena", "lazima afungwe", "sitamwambia mtu" ni ahadi ambazo huwezi kuzitimiza, na mtu aliyesalitiwa ukimsaliti tena humpati tena. Kwa mtoto ndo zaidi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka anayejua mtoto ananyanyaswa atoe taarifa. Kwahiyo wafundishe kusema kabla hajaanza kusimulia: "Utakayoniambia sitayatangaza. Ila nikisikia kuna mtu anakuumiza, itabidi niwaambie wale wanaoweza kukulinda, na nitakwambia kwanza ni nani na lini." Namba ya 116 ya simu kwa mtoto iwe imebandikwa ukutani, sio ndani ya faili.

Kuna watakaosema haya yote yanachelewesha. Wajibu kwa saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, za kuzuia mimba ni ndani ya siku 5. Kwahiyo dawa hazingoji stori ikamilike, wala hazingoji mtu aache kulia. Mwambie kwa upole: "Kuna dawa zinafanya kazi zaidi zikiwahi, tukuanzishie sasa, maelezo mengine tutayachukua ukiwa tayari." Anayemng'ang'ania asimulie yote kwanza ndo anayechelewesha.

Mtu akipotea mbele yako

Fanyieni igizo hili, kwa sababu bila mazoezi watu wanapanik. Mteja katikati ya maongezi macho yanaganda, anahema haraka, anatetemeka, hakusikii, yuko kule kwenye tukio. Usimshike, usimtikise, usimwagie maji, wala msijazane chumbani. Kaa usawa wake au chini kidogo, sema jina lake taratibu, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. "Neema, uko kituo cha afya, mimi ni sista, ni saa tano asubuhi, mlango uko pale, uko wazi. Kanyaga sakafu, unaisikia miguu?" Akianza kurudi muombe ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, na kuendelea kushuka hivyo. Maji ya kunywa ni mazuri, kikombe kinampa mikono kazi. Mambo ya kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu hayamfai kila mtu, wengine wakifumba ndo wanaliona tukio, kwahiyo muulize.

Akisharudi, usiendelee pale mlipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Muulize anataka nini.

Na hapa Pwani, na sio Pwani tu, kuna ndugu watakaosema kapandisha, ni jini. Usibishane. Huna haja ya kushinda huo mjadala, unachohitaji ni mtu awe salama na arudi kesho. "Sawa mjomba, sheikh aendelee na dua, na sisi huku tumuangalie mwili na usingizi wake." Kinachokatazwa ni kumfunga, kumpiga, kumfungia ndani, kumnyima dawa, hapo unasimama wima.

Kuna tabia nyingine ya kukusanya watu siku moja mbili baada ya ajali au shambulio na kuwalazimisha kila mmoja asimulie alichokiona "ili atoe". Ilikuwa fasheni duniani kote. Mapitio ya tafiti ya 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikuta kikao kimoja cha namna hiyo kinachofanywa na mtu mmojammoja hakizuii kiwewe, na kwa wengine kinaweza kuzidisha. WHO nao hawakipendekezi. Badala yake kuna msaada wa kwanza wa kisaikolojia, kitabu chake kilitoka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka apewe blanketi, chai na simu ya kumpigia mama yake.

Mkalimani

Kwa wanaofanya kazi Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko pale tangu 1996, imepokea Wakongo na Warundi wengi, na hata nje ya kambi unaweza kukutana na mama ambaye Kiswahili chake na chako ni viwili tofauti. Mkalimani asiwe jirani, asiwe shemeji, na kamwe asiwe mtoto wake mwenyewe. Muulize mteja anakubali awe mwanaume au mwanamke, na ni wa upande gani, mana vita haviishi kwa kuvuka mpaka. Mkalimani naye apewe treningi, anasema "mimi" kwa niaba ya mtu mwenye maumivu siku nzima, alafu jioni anarudi kwenye hema lake bila hata mtu wa kumuuliza umeshindaje.

Na ninyi je

Anayesikiliza maumivu kila siku anabeba. Charles Figley aliandika mwaka 1995 kuhusu uchovu huu wa huruma, lakini wala huhitaji kitabu, waangalie manesi waliokaa sana kwenye hicho chumba: wengine wamekuwa wagumu, wanatania vitu visivyo vya kutania, wengine hawalali, wengine hawamwamini mwanaume yeyote karibu na binti yao. Mafunzo mengi yanamalizia hapa na "jitunzeni, fanyeni mazoezi, sikilizeni muziki". Hiyo ni kumrudishia mtumishi mzigo ambao ni wa ofisi. Omba vitu vya ofisi: mzunguko wa zamu ili mtu mmoja asibebe kesi za watoto peke yake mwezi mzima, nusu saa kila wiki na msimamizi ya kuongelea kesi nzito bila kukaguliwa, ruhusa ya kusema "hii siiwezi leo" bila kuandikiwa barua. Mganga mfawidhi si yupo ukumbini? Muulize hapohapo lipi kati ya hayo matatu linawezekana.

Cheti mpe kila mtu, sawa, wanakihitaji. Ila lile jaribio la kabla na baada ya mafunzo lisikudanganye, watu wanajua jibu unalolitaka. Rudi baada ya miezi mitatu, bila kutangaza sana, na daftari lilelile. Ingia getini kama mteja. Hesabu umeulizwa mara ngapi, angalia kama komeo la choo limewekwa, kama rejista bado iko wazi mezani, kama yule mlinzi anazo kadi au zimeisha na hakuna aliyechapisha nyingine. Zikiwa zimeisha, chapisha nyingine kabla hujaandika ripoti.